Volti 128 za Kariakoo

Kwenye duka moja la vifaa pale Kariakoo, mtaa wa nyuma ambako mikokoteni na pikipiki hugombea upenyo, ipo drili ya betri ambayo boksi lake limeandikwa 128V kwa herufi nyekundu, na pembeni kijiherufi F ambacho macho huruka. Jirani yake kwenye rafu imeandikwa 88V. Ya chini kabisa, iliyosukumiwa kwenye vumbi, ina 21V tu. Mhasibu mmoja mstaafu wa Kimara, aliyekula miaka yake yote ya utumishi akiwarudishia watu risiti kwa sababu ya senti zisizolingana, alizitazama zote tatu, kisha akamuuliza kijana wa dukani tofauti yake ni nini.

"Hii ndiyo mashine, mzee wangu," kijana akajibu, akiipapasa ile ya 128. "Hiyo ya 21 ni ya kufungia kitasa cha kabati."

Mstaafu akalipa. Hata risiti hakudai.

Kilichomo ndani ya betri ile kinafahamika na yeyote aliyewahi kulegeza skrubu zake nne. Ni seli tano za mviringo, kila moja ina unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ndiyo maana kiwandani huitwa 18650. Ni aina ileile iliyokuwa ikijazwa kwenye betri za laptopu za zamani. Seli moja ya lithiamu ya namna hii ina volti 3.6 za kawaida, na ikijaa pomoni hufika 4.2. Zipange tano kwa mstari mmoja, uzidishe: 3.6 mara 5 ni 18, na 4.2 mara 5 ni 21. Basi, siri imeisha. Ile 18V ya Makita, ile 20V Max ya DeWalt inayouzwa Marekani (ambako kampuni yenyewe hukiri kwa maandishi madogo kwamba volti za kawaida ni 18), na ile 21V ya boksi lisilo na ukoo, zote ni seli tano zilezile. Kila muuzaji amezipima saa iliyompendeza.

Na 128? Hapo ndipo ile F inapofanya kazi yake. Namba ikishafuatwa na VF si volti tena, ni jina la toleo, na jina halina kodi. Volti 128 za kweli zingehitaji seli 36 hivi. Kila seli ina uzito unaokaribia gramu 45, kwa hiyo betri peke yake, kabla ya plastiki na waya, ingepita kilo moja na nusu. Fundi wa jipsamu angeinyanyua mara mbili juu ya ngazi, akashuka, akadai posho ya mazingira hatarishi.

Ubavuni mwa betri hiyohiyo paliandikwa 19800mAh. Seli bora kabisa za 18650 duniani hubeba 3500 au zaidi kidogo, na betri yenye safu moja ya seli haiwezi kuzidi uwezo wa seli moja. Mwenye shaka hana haja ya maabara, bucha inatosha. Betri halali ya 18V yenye 5.0Ah kwa kawaida huwa na seli kumi, yaani gramu 450 za seli tupu, na ukijumlisha ganda hupita nusu kilo bila ubishi. Mstaafu, uhasibu ulipomrudia, aliipeleka yake kwa muuza nyama wa mtaani. Yule bwana akafuta mizani kwa kitambaa, akaiweka, akasubiri mshale utulie.

"Robo na ushee, mzee. Kwa hela hiyo ungechukua maini."

Lakini uongo wa boksi hauui betri. Unaumiza mfuko tu. Betri ya drili, iwe ya maskini au ya tajiri, haifi kazini pia. Ni nadra sana kusikia imezimika moja kwa moja ikiwa inatoboa ukuta. Inafia nyumbani, baina ya soketi na meza ya kulia, mikononi mwa watu wanaoipenda na wanaoitakia mema.

Chukua suala la adapta. Betri za bei hiyo huja na chaja ndogo ya ukutani yenye kichwa cha duara, na kichwa hicho ndicho kilichopo kwenye ruta ya intaneti, kwenye taa ya meza na kwenye king'amuzi. Umbo ni moja, umeme ni mbalimbali. King'amuzi kwa kawaida hutumia volti 12. Chaja ya drili ya seli tano hutoa 21. Jioni ya mechi ya Simba na Yanga, mjukuu wa mstaafu aliona adapta ya king'amuzi imelegea na picha inakatika, akachomoa ya drili iliyokuwa ukutani, akaichomeka. Iliingia vizuri kuliko ile ya asili. Taa ya king'amuzi ikawaka kwa mng'ao ambao familia ile haikuwahi kuuona, ikazimika, na sebule ikajaa harufu ya plastiki ya moto. Mpira ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Nyumba nzima, ambayo ni ya Simba tangu enzi za babu, ikalazimika kuhamia kwa jirani mwenye bendera ya kijani na njano mlangoni, ikakaa kwenye mkeka wa ugenini, ikinyweshwa chai kwa ukarimu wa makusudi.

Kinyume cha kosa hilo ndicho cha kuogopa. Zipo drili ndogo za seli tatu ambazo chaja yake hutoa volti 12.6, na kichwa chake hakitofautiani na cha kaka yake. Betri ya seli tatu ikipachikwa chaja ya 21, kila seli inasukumiwa volti 7 wakati ukomo wake ni 4.2. Kinachosimama katikati ni kibao kidogo cha saketi ya ulinzi kilichobandikwa juu ya seli, na kwenye betri za bei ya chini kibao hicho wakati mwingine hakipo kabisa. Mke wa mstaafu, ambaye hajawahi kushika drili maishani, ndiye aliyelimaliza jambo hilo kwa plasta nyeupe ya hospitali na kalamu ya wino mzito: kila adapta ya nyumba ile sasa ina kitambulisho shingoni. DRILI 21. KING'AMUZI 12. RUTA MSIGUSE.

Habari za maini zilimfikia shemeji anayeishi Houston, naye akaona aibu ya familia ni yake. Akatuma boksi. Ndani mlikuwa na drili ya maana ya kampuni yenye jina, betri mbili nzito na chaja pana yenye vijitaa. Plagi ya chaja ilikuwa na vimiguu viwili bapa vya Kimarekani; mstaafu akanunua kigeuzi cha plagi dukani, akapachika, akawasha soketi.

Pa!

Sakiti breka ikashuka, friji ikanyamaza, na moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu ya chaja bila haraka yoyote. Shemeji alipopiga simu jioni kuuliza kama mzigo umefika, aliambiwa: "Umefika, shemeji. Umeshaondoka pia."

Kigeuzi cha plagi hubadilisha miguu, hakibadilishi umeme. Marekani soketi hutoa volti 120. Tanzania na Kenya ni 230 na 240. Simu zimetuzoesha vibaya: chaja ya simu karibu yoyote imeandikwa 100-240V, inakula popote unapoitupa, mpaka watu wakadhani chaja zote zimelelewa hivyo. Chaja za drili nyingi zimetengenezwa kwa umeme wa nchi moja tu, na maandishi yapo tumboni mwake, kwenye kibandiko cha kijivu ambacho hakuna anayekigeuza kukisoma mpaka moshi utoke: INPUT, kisha namba. Mafundi wanaonunua vifaa vilivyotumika kutoka Japani wana balaa kubwa zaidi, kwa sababu kule umeme wa nyumbani ni volti 100. Afadhali betri zenyewe hazina uraia. Betri ya 18V ya kampuni fulani kwa kawaida huingia bila shida kwenye chaja ya 230V ya kampuni hiyohiyo na ya mfululizo uleule, kwa hiyo zile mbili za Houston hazikuwa hasara. Zilihitaji chaja ya huku tu.

Chaja ya huku ikanunuliwa, safari hii dukani kwa wakala, na risiti ikadaiwa. Ilikuwa ya aina inayoimba. Hilo si utani: Makita wanayo chaja, DC18RC, ambayo betri ikijaa hupiga muziki, na mwenyewe unaruhusiwa kuchagua wimbo. Ina feni inayopuliza hewa ndani ya betri wakati inachaji, na betri ya 5.0Ah huijaza kwa dakika kama 45. Siku ya kwanza wimbo ulipolia, mjukuu alitoka mbio hadi getini akiwa na sarafu mkononi, akasimama kumsubiri muuza aiskrimu wa baiskeli. Siku ya pili vilevile. Siku muuza aiskrimu alipopita kweli, mtoto alibaki ndani akisema, "Hiyo ni drili ya babu."

Kisha akaja fundi.

Alikuja kufunga makabati ya jikoni, seremala wa makamo, penseli sikioni, na sauti ya mtu ambaye hajawahi kukosolewa na mteja. Akaikagua betri, akauliza imechajiwa kwa muda gani siku ya kwanza. Aliposikia dakika 45 alitikisa kichwa. "Mmeiharibu, mzee. Betri mpya unaiweka kwenye umeme saa nane mfululizo. Halafu unaitumia mpaka ife kabisa, ndiyo unachaji tena. Ukiidokoadokoa inazoea."

Fundi hakuwa anabuni. Alikuwa anahubiri dini ya betri nyingine. Black & Decker walitoa drili yao ya kwanza isiyo na waya mwaka 1961, na kwa miongo kadhaa baada ya hapo drili za namna hiyo ziliendeshwa na betri za nikeli na kadimiamu. Hizo kweli zilikuwa na tabia ya kukariri: ukizichaji kila mara zikiwa na nusu, zilikuja kuamini kwamba nusu ndiyo mwisho wao. Aliyefundishwa kazi miaka ile alifundishwa sahihi. (Kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza pia kichwa cha drili ya betri iliyopelekwa mwezini na Apollo 15 mwaka 1971, ambako mwanaanga David Scott alitoboa, kisha akahangaika kuuchomoa mrija wake ardhini mpaka mwenzake akaja kumsaidia kuvuta. Fundi wa Kimara alipoelezwa hilo alisema ni biti butu.)

Lithiamu ni kabila jingine. Sony waliitoa sokoni mwaka 1991 kwa ajili ya vifaa vya mkononi, na kwenye drili kubwa za mafundi iliingia kwa kishindo kuanzia 2005. Waliohangaikia kemia yake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97, na hakuna mzee kuliko yeye aliyewahi kuipokea. Betri hii haikariri kitu. Kudokoadokoa ndiko kunakoifaa. Inachokichukia ni kukaushwa: seli ikishuka mbali sana chini ya volti 2.5 hivi, shaba iliyomo ndani inaweza kuanza kuyeyuka na kuhama mahali pake, na ukija kuichaji baadaye shaba hiyo inaweza kujenga daraja la shoti katikati ya seli. Ndiyo sababu drili nzuri hukata ghafla wakati fundi anahisi bado kuna nguvu kidogo, na ndiyo sababu kitabu cha maelekezo cha Makita kinasema mara uonapo nguvu zinapungua, simamisha, chaji. Fundi alisikiliza yote hayo kwa adabu. Kisha akaendelea kukaza skrubu mpaka drili ikaguna na kunyamaza, akasema, "Sasa ndiyo imekomaa."

Mchana wa siku ileile alibadilisha kifaa. Akachomeka betri kwenye grainda, akakata vyuma vya kuegemezea sinki, na grainda hunyonya betri kwa namna ambayo drili haijawahi kuiota. Ilipotoka ilikuwa haishikiki. Akaibamiza kwenye chaja. Chaja ikawasha taa ya onyo, ikagoma. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Ikagoma. Akaipiga kofi. Ikagoma kwa msimamo uleule.

Haikuwa mbovu. Betri nzuri ina kipimajoto ndani, na chaja nzuri huuliza joto kabla ya kuuliza kitu kingine chochote. Maelekezo ya Makita yanataka betri ichajiwe kwenye joto la nyuzi 10 hadi 40, na iliyopata moto iachwe ipoe kwanza. Dar es Salaam mwezi wa pili, kivulini tu, nyuzi 32 si habari. Chini ya bati lisilo na dari ni jambo jingine, na ndani ya gari lililofungwa vioo juani usiongelee. Joto ndilo muuaji mkuu wa betri hizi, na linaua bila kelele: betri iliyozoea kulala kwenye dashibodi ya Noah kwa kawaida haitalipuka, itazeeka tu, na mwenyewe atalalamika kwamba siku hizi kampuni zinatengeneza vitu vya ovyo. Wakazi wa Makete, ambako kuna asubuhi za barafu nyasini, wana tatizo la upande wa pili, kwani lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0 madini yake hujitanda mahali pasipotakiwa na kuiharibu. Kwa Kimara hilo si la kumnyima mtu usingizi.

Fundi akaamua kusaidia kupoa. Akafungua friji.

Mama mwenye nyumba alirudi kutoka kanisani, akafungua mlango uleule kuchukua maji, akasimama. "Baba, njoo unieleze. Hiki kilicholala juu ya changu wangu ni nini?"

"Betri ya fundi, mama. Inapumzika."

"Ikapumzike kwao."

Alikuwa na haki, hata kwa sayansi. Kitu cha moto kikiingia friji kisha kikarudi kwenye hewa ya Dar, unyevu wote wa Dar huja kukaa juu yake, na ndani ya ganda la betri mna kibao cha saketi na vipande vya nikeli visivyopenda maji, sembuse maji yenye harufu ya samaki. Kuiweka kivulini mbele ya feni kwa nusu saa kunatosha. Nusu saa hiyo fundi angeweza kunywa chai, na alikuwa anaitafuta sababu tangu asubuhi.

Suala la LUKU nalo lilizuka, maana halikosi kuzuka. Mama alikuwa akiitazama taa ya chaja kwa jicho la mtu anayeona uniti zake zikivuja. Hesabu yake inachekesha. Betri ya volti 18 na 5.0Ah hubeba wati-saa 90. Ongeza kinachopotea njiani, sema 100. Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1000, kwa hiyo uniti moja, ambayo kwa mteja wa kawaida wa TANESCO haifiki shilingi 400, hujaza betri kama hiyo mara tisa au kumi. Pasi ya wati 1000 hula kiasi hicho cha betri moja kwa dakika sita, yaani kola na mkono mmoja wa shati la Jumapili. Mstaafu alimwandikia mkewe hesabu hiyo kwenye karatasi, ikiwa na mistari miwili chini ya jumla. Mke akaisoma yote, akauliza, "Na shati utavaa lisilopigwa pasi?" Mjadala ukafungwa.

Kwenye saiti zisizo na umeme hali ni tofauti, na hapa mafundi hawapendi kusikia: maelekezo ya chaja za Makita yanakataza waziwazi kuzichomeka kwenye jenereta. Kijenereta cha bei poa hupandisha na kushusha volti kila mashine ya zege inapoguna, na chaja ndiyo inayopokea makofi hayo. Afadhali kwenda saiti na betri tatu zilizojaa tangu nyumbani.

Hadithi ya fundi ina sehemu isiyo ya kuchekesha. Wiki iliyofuata alikuja na betri yake mwenyewe, kuukuu, iliyokaa chini ya meza ya karakana tangu msimu wa mvua. Chaja iliikataa katakata. "Hii inashtuliwa tu," akasema, akatoa vipande viwili vya waya ili aiunganishe kwa nguvu na betri nzima, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ipate chaji ya kuidanganyia chaja. Kila mtaa wenye mafundi una mtu anayejua ujanja huu, na mara nyingi unafanikiwa, jambo ambalo ndilo baya lake. Chaja haikukataa kwa kiburi. Ilipima seli ikaona zimeshuka kule ambako shaba huweza kuhama. Ukizishtua unazirudishia nguvu seli ambazo huenda tayari zina shoti tumboni. Seli moja ikipandwa na joto lisilozuilika huipasha ya jirani, nayo ya jirani yake. Samsung waliyaona hayo mwaka 2016 kwa Galaxy Note 7, mpaka simu ile ikapigwa marufuku kwenye ndege, na Boeing waliyaona mwaka 2013, ndege zote za 787 zilipozuiwa kuruka baada ya betri zake kutoa moto na moshi. Kampuni hizo zina wahandisi kwa maelfu. Fundi alikuwa na waya mbili na koleo.

Mstaafu, kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze, alisema hapana, na akaisema kwa sauti ya ofisini. Betri ile haikushtuliwa.

Siku hiyohiyo alihamisha kituo cha kuchajia. Kilikuwa chumbani, juu ya godoro la wageni, chaja ikiwa imefunikwa kanga ili taa isimsumbue mtu. Sasa kipo korido, juu ya kigae kitupu, mbali na mtungi wa gesi na mapazia, na betri huchajiwa watu wakiwa macho. Ikitokea inavimba, inatoa sauti ya kuzomea au moshi mtamumtamu, hakuna wa kuishika kishujaa: watu watoke kwanza, zimamoto waitwe kwa 114, na kama moto bado ni mdogo na umeme umekatwa, maji mengi kutoka mbali ndiyo yanayosaidia, kwa kuzipoza seli ambazo hazijashika. Moshi wake una gesi za sumu, kwa hiyo udadisi uishie nje ya mlango.

Mengine ni madogo, ingawa yana fujo zake. Fundi aliwahi kuiweka betri mfukoni mwa suruali pamoja na misumari na funguo, akapanda bodaboda kwenda kununua bawaba. Vidomo vya betri, pale umeme unapotokea, vilikuwa wazi; funguo zikaviunganisha. Dereva wa bodaboda bado anasimulia jinsi abiria wake alivyoshuka bila kusubiri pikipiki isimame na kuivua suruali mbele ya foleni nzima ya Kimara Mwisho. Kile kifuniko cha plastiki cha njano kinachokuja na betri, ambacho watoto hukigeuza gari, kiliwekwa kwa ajili hiyo hasa. Vumbi la saruji hufutwa kwa kitambaa kikavu au brashi. Na kwa wanaoishi karibu na bahari, Tanga, Unguja au Mombasa, chumvi ya hewani huota kwenye vidomo, kwa hiyo kufuta kuwe desturi hata kama hakuna kazi.

Kwa mtu wa drili ya mara moja kwa mwaka, wa kutundika mapambo ya Krismasi au kufunga pazia la Idi, betri haifai kuhifadhiwa ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Nusu ndiyo raha yake, nje ya drili, kwenye droo ya chumba chenye ubaridi. Makita wanashauri ichajiwe ikipitisha miezi sita bila kutumika. Mstaafu ameliweka hilo kwenye kalenda ya ukutani, chini ya bili ya maji na juu ya sala ya jumuiya.

Shemeji wa Houston alipokuja likizo, akipitia Dubai, alitaka kuongeza betri kubwa. Mashirika ya ndege yana hesabu zao: betri ya akiba ya lithiamu haipelekwi kwenye mzigo wa chini, inabebwa mkononi, vidomo vikiwa vimefunikwa, na ikizidi wati-saa 100 lazima uombe ruhusa, ikizidi 160 hairuhusiwi kwa abiria. Ile ya 5.0Ah, yenye 90, hupita. Ya 6.0Ah ina 108, tayari ni ya kuombea. Shemeji alinunua ya 12.0Ah, yenye 216, akaagana nayo kwenye meza ya ukaguzi.

Ikabaki ile betri kuukuu ya fundi, aliyoiacha nyuma ya nyumba "kwa muda". Mstaafu alimwita kijana wa chuma chakavu. Kijana akaigeuzageuza, akairudisha. "Mzee, hii si chuma wala si plastiki. Juzi moja imewaka kwenye mkokoteni wa mwenzangu." Wala kwenye pipa la taka haifai, kwa sababu gari la taka huibana. Nairobi kipo kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka za vifaa vya umeme, na baadhi ya mawakala wa vifaa hupokea betri zao zilizokwisha, ukiuliza vizuri. Mstaafu akazungushia vidomo vyake utepe mweusi wa mafundi umeme, akaitia kwenye kopo la rangi lenye mchanga mkavu, akaliweka nje mbali na ukuta, akampigia fundi simu kila Jumatatu kumkumbusha aje achukue mali yake aipeleke kwa wakala. Fundi hujibu kwamba yuko njiani, anasubiri tu betri ya drili ijae.